Yametiwa Dawa

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, jua limesimama utosini. Hiyo ndiyo siku. Kabla yake mambo yalikuwa mabaya, lakini mabaya ya kawaida ya mtu aliyezika mke. Siku ile yaliharibika moja kwa moja, na kilichoyaharibu ni neno moja la herufi nne. Nimezihesabu mwenyewe, mimi niliyeachia shule darasa la nne.

Wiki jana niliwaacha mmesimama na umati uani kwangu, Ganze ndani, Kaltuma ameinua kichupa juu, kidonge kinayeyuka ndani ya maji aliyoyachota kwenye kaburi la mke wangu Kadzo. Maji yalikuwa yanabadilika rangi. Msomaji mmoja amenitumia ujumbe wenye matusi akitaka kujua yamekuwa rangi gani.

Mekundu, bwana. Rangi ya waridi, angesema mtu wa mjini. Lakini Ganze hatuna waridi. Tuna damu.

"Damu!" mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Kadzo analia damu!"

Wewe uliyeingia leo, shika haya upesi. Mke wangu alifia njiani kiangazi, mtungi kichwani, akitafuta maji. Nikamzika uani. Baadaye kaburi likaanza kutoa maji, na nchi nzima imekauka mpaka punda wanalamba mawe. Akaja nabii Kiponda na spika zake, akasema ni machozi. Watu wakayapaka, wakayanywa, wakapona malaria, wakapona mgongo, mmoja akapona wivu. Kisha Kiponda akauliza: marehemu akilia, nani amemliza? Akajijibu mwenyewe. Akamnyooshea kidole mama yangu, Kadii, kwa kosa la kuwa na mvi.

Kwetu mvi ni hukumu. Wazee wengine hupaka kanta, rangi nyeusi ya nywele, kichwani wapate kulala. Mama nilimletea, akaitupa kwa kuku. "Mvi hizi nimezilea kwa taabu kuliko nilivyokulea wewe," akaniambia.

Mimi nilikuwa na pua tu. Yale maji yalinuka kama bwawa la kuogelea la hoteli ya Kikambala niliyokuwa nikifagia. Machozi ya mke wangu nayajua, hayakunuka hivyo. Ndipo nikaenda Malindi kumtafuta Kaltuma, msichana wa mtaa wa Barani, kazi yake kupima maji. Akithibitisha kwamba ni maji ya mfereji, mama yangu ataishi. Akishindwa, Kambi, kaka yake Kadzo, amekwisha kunoa panga.

Basi. Sasa tuko pamoja.

Kaltuma aliugeukia umati. Buibui lake lilikuwa limepanda vumbi mpaka magotini.

"Jamaa zangu, tulieni. Hii si damu hata kidogo. Rangi hii hutoka kwa sababu moja tu. Maji haya yametiwa dawa."

Loo!

Nilitamani kulikamata lile neno hewani kama mtu anavyokamata kuku. Kwao Malindi, maji yaliyotiwa dawa ni maji yaliyosafishwa, hunyweshwa hata mtoto mchanga. Kwetu, ambako wakubwa hawajatuletea maji safi wala machafu, kutiwa dawa ni jambo moja. Ni kurogwa.

Kambi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mmesikia? Mmesikia kwa masikio yenu? Dada yangu alitiwa dawa! Na aliyesema si nabii, ni msomi!"

"Sikumtaja dada yako, kaka," Kaltuma akasema. "Nimesema maji. Ni dawa ya maji. Klorini!"

Kiponda, ambaye kabla ya kupakwa mafuta alikuwa utingo wa lori la makaa, alisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Klo-nani?"

"Klorini."

"Amelitaja!" Spika zikavuma mpaka mbuzi wakakata kamba. "Kanisa, amelitaja jini kwa jina lake! Klo-jini! Tumeletewa jini la Malindi, limefungwa ndani ya kichupa, limebebwa ndani ya buibui!"

Watu wakarudi nyuma. Wa mbele akamkanyaga wa nyuma, wa nyuma akaangusha mtoto. Huku bara mtoto hunyonya na habari kwamba majini wanafugwa mjini, kila nyumba na lake. Msichana wa watu akabaki ameduwaa, mkono bado uko juu.

"Nabii, hofu ya nini? Ni kitu cha kawaida kabisa. Kimo hata kwenye dawa ya kufulia nguo."

"Dawa!" Kambi akapiga kofi. "Ameitaja tena!"

Nikamwendea, nikamshika kiwiko. "Mwanangu, nakuomba kwa Mungu wako, neno hilo liache."

"Sasa niite nini, Mzee Mangi? Jina lake ndilo hilo."

Na kweli. Aliyesoma alikuwa amesema kweli tupu, na kweli yake ikawa kamba ya kumnyongea mama yangu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anafukuza nzi. Mvi zilimetameta juani kama amezivaa makusudi.

"Wanasemaje?" akaniuliza. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka.

"Wanasema una dawa, mama."

"Ningekuwa nayo ningejitibu magoti."

Hapo ndipo nikaona khaki. Chifu Mwaringa! Sare imepigwa pasi mpaka inakata. Moyo wangu, mpumbavu yule, ukafurahi. Nikamkimbilia mbele ya watu wote.

"Chifu, waambie! Mtaro ulichimbwa ukapita hapa uani. Mimi nilikuwa Kikambala, tukaambiwa ni waya wa simu. Waambie kulipita bomba la maji!"

Mwaringa alinitazama kama unavyomtazama mlevi wa familia ya jirani.

"Bomba? Mangi, kungekuwa na bomba hapa mimi ningekuwa wa kwanza kuoga."

Watu wakacheka. Wakacheka kweli, mdomo wazi, huku panga limelala begani mwa Kambi.

"Rekodi yangu iko wazi," chifu akaendelea. "Maji hayajafika kata hii. Tumeomba, tunangoja. Kuhusu huyu mama, ushauri wa serikali ni kwamba ahame, kwa usalama wake."

"Ahamie wapi?"

"Hilo ni la familia."

Serikali hiyo, msomaji. Kadzo alipokufa njiani ilisema hilo ni la Mungu. Mama akitaka kukatwa, ni la familia. Sijawahi kusikia lililo lake.

Kiponda hakupenda kuachiwa nafasi ndogo. Akainua mkono, spika zikanyamaza.

"Hatumwonei mtu. Zamani babu zenu walilisha watu papai la kiapo, mwenye hatia akafura mdomo. Sisi tumeokoka, mambo ya papai tumeyaacha. Huyu mama anywe machozi ya mkaza mwanawe! Kama ni safi, atakuwa mzima. Kama alimla, tumbo litapasuka mbele yenu."

"Anywe! Anywe!"

Ndiyo kusema waliacha papai wakashika kikombe, wakaita kuokoka.

Nilijaribu kupita. Vijana wakanifunga mikono nyuma. Kambi akachota kwa kikombe cha bati, akamsukumia mama mdomoni kwa nguvu, bati likagonga jino. Katika meno aliyobakiwa nayo, hilo moja lilikuwa la mbele. Likaanguka mapajani. Mama akaliokota, akalitazama, akalifunga kwenye pindo la leso.

"Mkono wako mzito kama wa baba yako, Kambi," akasema. "Lete nishike mwenyewe."

Akanywa. Polepole, mpaka mwisho. Umati mzima ukalikodolea macho tumbo la bibi kizee.

Mama akajipangusa.

"Mh," akasema. "Matamu. Hayana chumvi kama ya kisimani. Niongezeeni."

Kicheko kilimtoka mtu nyuma kabla hajakizuia. Kaltuma akaziba mdomo. Mama akanywa cha pili, akapiga mbweu. Nikaona nyuso zinaanza kulegea, mwanamke mmoja akaweka jiwe lake chini. Nikajiambia, Mangi, yamekwisha, mama amepona!

Nabii akavuta pumzi kwenye kipaza sauti.

"Nyoka," akasema kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa, "hafi kwa sumu yake mwenyewe."

Yule mwanamke akaliokota jiwe.

Ndivyo kesi ya mchawi inavyokwenda. Akifura, mchawi. Asipofura, mchawi mkubwa. Kaltuma, ambaye alikuwa hajazoea, alipaza sauti.

"Sasa mlimpima ya nini? Kama hakuna jibu ambalo lingemwokoa, hicho si kipimo, ni mchezo!"

"Binti," Kiponda akasema, "na wewe kichupa chako kingekataa kuwa chekundu, ungesema hakuna bomba?"

"Ndiyo! Ningesema! Ndiyo tofauti yetu mimi na wewe!"

Jibu zuri. Hakuna aliyelisikia, spika zilikuwa zake yeye.

Kambi alishusha panga begani. Akaja mpaka mkekani, akasimama juu ya mama yangu, jasho linamdondokea mama kichwani. Hakuwa mtu mbaya, Kambi. Nasema hivyo nikijua mtanikasirikia. Alimpenda dada yake, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumweleza kwa nini mwanamke mzima afe kwa ajili ya ndoo ya maji. Kiponda alimweleza.

Nikajitupa chini, vijana wakaniachia kwa kudhani nimezimia. Nikatambaa mpaka ukutani, nikashika jembe.

"Nachimba!" nikapiga kelele. "Nachimba nione huyo anayelia ana macho au ana mpira wa maji!"

Kufukua kaburi! Kuna mambo hata mlevi hayasemi.

"Ukigusa kaburi la dada yangu," Kambi akasema, "nakuanza wewe."

"Sigusi kaburi, mulamu. Nachimba kando, miguuni pake, ulikopita mtaro. Nikikuta udongo mtupu, fanya unalotaka kufanya."

Ni muda tangu nimwite mulamu, shemeji. Akanitazama.

"Ukikuta udongo mtupu," akasema, "namkata mama yako, na wewe ndiye utamshika miguu. Sema ndiyo."

Nilimtazama mama. Alikuwa anaitafuta ndala yake.

"Ndiyo," nikasema.

Mniseme mnavyotaka.

Nikainua jembe. Na hapo, msomaji, ndipo chifu Mwaringa, aliyetulia kama maji ya mtungini wakati mama anavunjwa jino, aliporuka na fimbo yake.

"Simama! Kufukua kaburi bila amri ya mahakama ni jinai! Nitakuweka ndani!"

"Na kumkata mama yangu?"

"Hilo halijatokea."

Umati ukageuka polepole kumtazama. Watu wa Ganze ni maskini wa maji, si wa akili. Hata Kambi alikunja uso.

"Mwache achimbe, chifu," akasema. "Unaogopa nini, udongo?"

Nilipiga jembe. Juu palikuwa matope, chini mawe. Kaltuma alikwenda kuketi na mama mkekani, akamshika mkono. Mimi nilichimba nikilia, kwa sababu kila nilipoinama nilikuwa nainama miguuni pa mke wangu. Mtu akaanza kuimba pambio, akanyamazishwa. Shimo likafika magotini. Udongo. Likafika mapajani. Udongo.

"Shika miguu, mulamu," Kambi akasema juu yangu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ahadi ni ahadi."

"Bado kidogo."

"Toka shimoni."

"Bado kid—"

Jembe likagonga kitu, likarudi mkononi mwangu kama limesukumwa. Haikuwa sauti ya jiwe wala ya sanduku. Nikapiga tena kwa hasira zangu zote, na maji yakaniruka usoni, ya baridi, yenye nguvu, yakapanda juu kuliko paa la nyumba.

Mpira mweusi wa maji, mnene kama paja la mtu!

Maji yalimwagika juu ya nabii, juu ya spika, zikapiga mluzi zikafa. Nilibaki mle shimoni nimelowa. Kadzo alitoka nyumbani alfajiri ile na mtungi mtupu kichwani, akapita hapa hapa, akayakanyaga maji yanayokimbia chini ya nyayo zake kwenda kwa mtu mwingine, akaenda kufa kwa kiu.

Kambi alishuka shimoni. Akaushika mpira kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto. Panga lilikuwa limemwanguka, sijui saa ngapi.

"Nimeuchimba mimi," akasema.

"Nini?"

"Mtaro huu, Mangi. Mimi na vijana wa huku. Tulichukuliwa kibarua. Walituambia ni waya wa simu, tuchimbe, tuondoke, watalaza wenyewe." Alikuwa bado ameushika mpira. "Kadzo alituletea uji. Alisimama pale. Aliniuliza, kaka, na maji mtatuletea lini?"

Akatoka shimoni kwa magoti, akamfuata chifu.

"Bomba linakwenda wapi?"

Mwaringa alikuwa anarudi nyuma, kofia mkononi. "Kambi, sikiliza. Kuna mambo yako juu ya cheo changu."

"Nimekuuliza bomba linakwenda shamba la nani!"

Angejibu, naamini angejibu, kwani Kambi alikuwa amemshika ukosi. Lakini wakati ule ule umati ulikumbuka kwamba una kiu. Mitungi! Sufuria! Beseni! Waliokuja kuona bibi anakatwa wakawa wanapigana viwiko kukinga maji. Wakanipita, wakanikanyaga. Wakapanda juu ya tuta la Kadzo ili wafikie vizuri, wakalisaga mpaka likawa sawa na uani. Msalaba niliouchonga mwenyewe mwanamke mmoja alisimama juu yake ili asilowe miguu. Kiponda akapata sauti bila spika: "Musa aligonga mwamba! Muujiza, kanisa!" Na wakaitikia amina, huku wanakinga maji ya wizi.

Sikujali. Nawaambia kweli, sikujali hata msalaba. Nilichotaka ni jambo moja, kufika mkekani nimwambie mama kwamba ataishi. Nilipenya katikati ya mitungi, matope mpaka kifuani, nacheka kama mwendawazimu.

"Mama! Ni bomba! Ni bomba tu, mama!"

Mkeka ulikuwa mtupu.

Kaltuma alikuwa amesimama kando yake, ameshika ndala moja.

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda, Mzee Mangi. Ameondolewa kwenye fujo. Nilidhani umemtuma wewe."

"Nani amemwondoa?"

"Mtu mmoja. Alikuja taratibu kwa nyuma ya nyumba. Alimpa mkono wa kuume, kwa adabu sana. Akamwita neno fulani la kwenu..." Akafikiri. "Hawe. Amemwita hawe. Mama aliposikia akatabasamu na pengo lake, akanyanyuka mwenyewe."

Niligeuka. Kambi nilimwona, bado kamkaba chifu. Kiponda nilimwona, amezama hadi shingoni katika maji na amina. Wote watatu niliokuwa nawaogopa walikuwa mbele ya macho yangu.

Nikapiga mbio mpaka nyuma ya nyumba. Njia ya msituni ilikuwa nyeupe, vumbi tupu, na upepo umekwisha kuifagia. Nikaita mpaka sauti ikakatika.

Hawe ni bibi, nyanya. Kadzo na mimi Mungu hakutupa mtoto, mama hana mjukuu chini ya jua. Zamani kijiji kizima kilimwita hivyo kwa heshima. Lakini tangu siku ile nabii alipomnyooshea kidole, mtu aliyethubutu kumwita hawe hakuwapo tena. Walimwita mutsai, mchawi, wakubwa kwa wadogo, hata wale aliowazalisha mama zao kwa mikono yake.

Basi niambieni, ninyi mnaojua mengi. Ni nani aliyemwita hawe Jumanne ile, mama yangu akamtambua, akampa mkono?